Watu wakiacha kuamini, ndo mapinduzi yanakuja?

Mdogo wangu siku hizi kila akisoma habari ya rushwa au hukumu ya ajabu ajabu mahakamani, anatikisa kichwa anasema "kaka, hii haiwezi kuendelea hivi, watu watapindua tu." Analisema hilo kwa uhakika kabisa, kama mtu aliyeona wingu jeusi anasema mvua inakuja. Na sio yeye peke yake, ukipita mitandaoni utakuta watu wa nchi mbalimbali wanaandika kitu hichohicho kwa maneno tofauti: bunge halituwakilishi, polisi hawatulindi, vyombo vya habari vinatudanganya, kwa hiyo mwisho umekaribia. Nimekaa na hilo swali muda mrefu, nimesoma historia kidogo, nimefikiria mambo niliyoyaona mwenyewe, na jibu nililofikia silo nililolitegemea.

Kabla sijafika kwenye historia niwaambie kisa kimoja. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa nafuatilia hati yangu kwenye ofisi moja ya umma. Nimejaza fomu, nimelipa, nimepewa risiti, nimeambiwa nirudi baada ya wiki mbili, nikarudi, nikaambiwa nirudi tena, ikawa hivyo hivyo mpaka mara ya tano. Siku hiyo ya tano dirishani alikuwa amekaa mama mmoja wa makamo, mhuri mkononi, miwani imeshuka puani. Akaiangalia risiti yangu, akaniangalia mimi, akasogea karibu na kile kitundu cha kioo akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, usijichoshe. Tafuta mtu." Akaniandikia namba ya simu kwenye kipande cha karatasi.

Hakuwa anaomba rushwa. Hili nimelirudia kichwani mara nyingi na nina uhakika nalo, sura yake ilikuwa ya huruma, kama mzazi. Yule mama alikuwa amefanya kazi pale labda nusu ya maisha yake, na wema wake wote aliokuwa nao siku ile, kitu kizuri kabisa alichoweza kunipa, ni kuniambia nisiiamini ofisi yake.

Na mimi nilifanya nini? Sikupiga kelele. Sikugeuka nyuma kuwaambia wenzangu wa kwenye foleni "jamani mnasikia haya?" Nilikikunja kile kikaratasi nikakitia mfukoni, nikatoka nje, nikampigia huyo mtu. Hati niliipata ndani ya siku mbili. Na nahisi nusu ya watu waliokuwa kwenye ile foleni walikuwa na kikaratasi chao mfukoni, ila kila mmoja alikuwa amekikunja kivyake.

Hapo ndipo ninapotofautiana na mdogo wangu. Imani ikipungua, mara nyingi watu hawaandamani, wanatafuta mtu. Mwenye uwezo anampeleka mtoto shule ya kulipia, anaajiri mlinzi wake, anachimba kisima chake, anahamisha hela zake nje ya nchi, na asiye na uwezo anakaa kimya na kuomba Mungu. Taasisi inabaki imesimama pale kama ukuta uliooza ndani na hakuna anayeusukuma, kwa sababu kila mtu ameshapata njia ya kupita pembeni.

Angalia Marekani. Pale wamekuwa wakiwauliza wananchi swali moja tangu mwaka 1958, kama wanaiamini serikali kuu kufanya jambo sahihi mara zote au mara nyingi. Mwanzoni karibu robo tatu ya watu walisema ndiyo. Ikaja vita ya Vietnam, ikaja kashfa ya Watergate, rais akajiuzulu mwaka 1974, ile asilimia ikaporomoka, ikapanda kidogo, ikaporomoka tena, na tangu mwaka 2007 haijawahi kupita 30. Kama kutokuamini peke yake kungekuwa kunaleta mapinduzi, basi ile nchi ingekuwa imeshapinduka mara tatu. Hata Januari 6, 2021, watu walipovunja milango na kuingia kwenye jengo la bunge kwa sababu hawakuamini matokeo ya uchaguzi, majaji walikuwa wameshazikataa kesi zile, jeshi halikujiunga na mtu, na usiku uleule wabunge wakarudi kwenye ukumbi kumalizia kazi ya kuthibitisha kura. Imani ya watu ilikuwa chini kabisa lakini watu wa ndani ya taasisi, walio wengi, bado walikuwa wanafanya kazi yao.

Hilo neno "watu wa ndani" naomba ulishike, nitalirudia.

Kwanza lakini kuna jambo lingine ambalo mimi lilinishangaza nilipolifikiria vizuri: mapinduzi yanahitaji imani. Tena nyingi. Ukitoka barabarani asubuhi kwenda kusimama mbele ya bunduki, unamwamini mtu usiyemjua aliyesimama kulia kwako kwamba hatakimbia, na wa kushoto kwako kwamba sio shushushu. Watu waliozoea kutokuamini chochote, hata jirani zao, hawawezi kufanya mapinduzi, wanaweza kufanya fujo za siku moja na kurudi nyumbani. Kuna msomi mmoja wa uchumi anaitwa Timur Kuran amelielezea hili vizuri: watu wengi wanaishi na mawazo mawili, la moyoni na la mdomoni, na kwa kuwa kila mtu anamsikia mwenzake la mdomoni tu, kila mmoja anadhani yuko peke yake. Serikali inaweza kuchukiwa na watu tisa kati ya kumi na ikatawala miaka arobaini, mradi hao tisa hawajuani.

Ujerumani Mashariki ndo mfano wangu mkubwa hapa. Mei 7, 1989, walifanya uchaguzi wa serikali za mitaa, na kama kawaida matokeo rasmi yakatangazwa: asilimia 98.85 wameunga mkono wagombea wa chama tawala. Watu walikuwa wameyazoea matokeo ya hivyo, hakuna mtu mzima aliyeyaamini. Tofauti ya mwaka ule ni kwamba vikundi vidogo vya raia, wengi wao wa makanisani, viliamua kwenda kukaa kwenye vituo wakati kura zinahesabiwa, maana sheria yenyewe iliruhusu. Wakaandika namba za kila kituo kwenye madaftari, wakajumlisha, wakakuta kura za hapana ni nyingi kuliko zilizotangazwa. Unaona walichokifanya? Ile siri ambayo kila mtu alikuwa nayo kivyake waliitoa ikawa namba kwenye karatasi ambayo watu wawili wanaweza kuiangalia pamoja.

Halafu ukaja mji wa Leipzig. Pale kwenye kanisa la Mtakatifu Nikolai kulikuwa na maombi ya amani kila Jumatatu jioni, miaka kadhaa, watu wachache tu. Septemba 1989 waliokuwa wanabaki nje baada ya maombi wakawa elfu kadhaa. Oktoba 2 wakafika kama 20,000. Jumatatu ya Oktoba 9 hali ilikuwa mbaya, gazeti la mji lilikuwa limechapisha barua ya kamanda wa kikosi cha mgambo akisema wako tayari kuilinda nchi hata kwa silaha mkononi, hospitali zimeandaa damu, polisi na askari maelfu wamepangwa. Wakaja watu 70,000. Wakatembea kuzunguka barabara ya mzunguko ya mji, na risasi haikupigwa. Wiki iliyofuata walikuwa zaidi ya 100,000, na mwezi ulikuwa haujaisha kiongozi wa nchi, Erich Honecker, ameshaondoka madarakani. Novemba 9 ukuta wa Berlin ukafunguliwa.

Mwezi Aprili na mwezi Oktoba imani kwa ile serikali haikuwa na tofauti kubwa, ilikuwa sifuri kwa sifuri. Kilichobadilika ni kwamba mtu alitoka nyumbani kwake akamkuta jirani yake barabarani, na jirani wa jirani, kumbe wote.

Romania ilichukua dakika chache tu. Desemba 21, 1989, mtawala wa nchi, Nicolae Ceaușescu, alisimama kwenye roshani Bucharest kuhutubia watu walioletwa kumshangilia, televisheni inarusha moja kwa moja, na katikati ya hotuba kelele zikaanza huko nyuma. Akanyamaza. Akainua mkono. Uso wake ule wa mzee aliyechanganyikiwa nchi nzima iliuona kabla matangazo hayajakatwa, na kesho yake alikuwa anaondoka juu ya paa kwa helikopta.

Sasa nirudi kwa watu wa ndani, maana hapa ndo penyewe.

Mwaka 1917 huko Petrograd, mji mkuu wa Urusi wakati ule, watu walikuwa barabarani siku kadhaa wakidai mkate, viwanda vimegoma. Jumapili Machi 11, kwa kalenda yetu ya sasa, kikosi cha mafunzo cha jeshi la Volynsky kiliamriwa kuwapiga risasi waandamanaji kwenye uwanja wa Znamenskaya, na kikapiga, watu wakafa. Wale askari wakarudi kambini. Usiku ule hawakulala vizuri. Sajini mmoja, Timofey Kirpichnikov, akazungumza na wenzake gizani mule bwenini, wakaulizana tunafanya nini sisi, tuliowapiga ni mama zetu na dada zetu wale, wakakubaliana asubuhi hawatoki tena. Kapteni wao Lashkevich akaja asubuhi, wakamkatalia, akageuka kuondoka akapigwa risasi uani. Baada ya hapo wakatoka na silaha zao kwenda kambi za jirani kuwaita wengine, na mpaka jioni askari maelfu kwa maelfu wa mji ule walikuwa upande wa waasi. Machi 15 Tsar Nicholas, yaani mfalme wa Urusi, akaachia kiti, na ukoo wa Romanov ulikuwa umetawala tangu 1613.

Ukisoma vitabu utakuta sababu nyingi, vita, njaa, yule Rasputin, mtu wa dini aliyekuwa karibu na familia ya mfalme, aliyelitia doa jumba la kifalme mpaka watu wa ukoo wenyewe wakashiriki kumuua, na zote ni kweli. Lakini mimi huwa narudi kwenye lile bweni. Mpaka Jumapili jioni Tsar alikuwa na jeshi linalotii, limetoka kuua watu mchana uleule. Jumatatu asubuhi hana. Kilichotokea katikati ni mazungumzo ya watu wachache ambao kazi yao ilikuwa ni kuilinda serikali.

Yule mama wa dirishani sio sajini, najua. Ila wote wawili ni mtu aliyekaa ndani ya nyumba akiwa ameacha kuiamini, na ninapomsikia mdogo wangu anasema wananchi wamechoka, huwa nataka kumuuliza: na makarani je? Na askari wa zamu ya usiku, na hakimu wa mahakama ya mwanzo, na mhasibu anayeziona zile hesabu halisi? Hasira ya walio nje ni kubwa na inasikika, lakini serikali inaweza kuishi nayo miaka. Ule mlango unafunguliwa kwa ndani.

Na kama haufunguliwi, hata umati wa milioni hautoshi. Juni 4, 1989, katika siku moja ileile, Poland walipiga kura iliyokiangusha chama chao cha kikomunisti, na China jeshi lilikuwa limeingia uwanja wa Tiananmen, Beijing, usiku kuamkia siku hiyo na kuwaua raia. Kule China pia kuna jenerali aliyekataa amri, Xu Qinxian, alifungwa miaka mitano. Lakini alikuwa mmoja, wengine walitii. Simlaumu mtu yeyote aliyekufa Beijing kwa kutokuwa na "watu wa ndani" wa kutosha, nasema tu kwamba ujasiri wao ulikuwa sawa na wa Leipzig na bado wakafa.

Kuna jambo jingine linalotokea imani ikishakufa, nalo linanitisha zaidi: ukweli wenyewe unakosa pa kukaa. Agosti 19, 1978, huko Abadan, Iran, sinema iliyoitwa Rex ilichomwa moto watu wakiwa ndani, milango imefungwa, wakafa zaidi ya 370. Serikali ya Shah, mfalme wa Iran, ikasema sio sisi. Hakuna aliyesikiliza. Watu wengi waliamini palepale kwamba ni SAVAK, polisi wa siri, na mazishi yakageuka kuwa maandamano ya kumtaka Shah aondoke. Baadaye ushahidi ulielekea kwa watu wa upande wa wanaharakati wa kidini, sio serikali. Lakini polisi wa siri waliokuwa wametesa watu miaka ishirini hawawezi kuamka siku moja wakasema ukweli na wakaaminiwa. Shah aliondoka nchini Januari 16, 1979, na Februari 11 majenerali wake wakatangaza jeshi halina upande. Tena watu wa ndani.

(Ufaransa sitaikalia sana, ila kumbuka kwamba pale wa kwanza kukosa imani hawakuwa wenye njaa. Walikuwa wakopeshaji. Agosti 1788 wenye hela hawakutaka kukopesha tena, mfalme akalazimika kuita baraza ambalo halijakutana tangu 1614, hazina yake ikasimamisha malipo, na hapo mambo yakamtoka mikononi. Na mwaka uliofuata watu walipolivamia gereza la Bastille, mizinga ililetwa na askari waliohama upande.)

Kwa hiyo mdogo wangu akinibana nimjibu ndiyo au hapana, namwambia inawezekana, ndiyo, lakini swali lako limeishia njiani. Kiswahili chetu kina neno moja, mapinduzi, kwa vitu viwili: la wanajeshi kukamata redio alfajiri na la watu kubadilisha namna wanavyoishi. Yote mawili yanaanza na imani kufa, na hakuna hata moja kati yake linaloirudisha imani.

Tunisia inaniuma sana kwa hili. Desemba 17, 2010, Mohamed Bouazizi, kijana wa miaka 26 aliyekuwa anauza matunda kwa mkokoteni huko Sidi Bouzid, alinyang'anywa vitu vyake, akaenda ofisi ya gavana kulalamika, hakusikilizwa, akajimwagia mafuta na kujichoma mbele ya hiyo ofisi. Alikwenda kulalamika kwanza. Hapo ndo huwa nanyamaza kila nikisoma, maana maana yake ni kwamba mpaka dakika ile bado alikuwa na chembe ya imani kwamba kuna dirisha atasikilizwa. Alifariki Januari 4, na siku kumi baadaye rais Ben Ali, aliyetawala miaka 23, akakimbia nchi. Wakaandika katiba mpya mwaka 2014 ambayo dunia nzima iliisifu, mwaka 2015 muungano wa asasi zao nne ukapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Lakini ajira hazikuja, wabunge wakawa wanagombana, zile ofisi za chini ambazo mtu anakutana nazo kila siku hazikubadilika kiasi cha mtu kuona. Julai 25, 2021, rais Kais Saied akalisimamisha bunge, na watu wakatoka barabarani, wengi wao kushangilia. Uchaguzi wa bunge wa Desemba 2022 waliojitokeza kupiga kura walikuwa kama asilimia 11 tu.

Miaka kumi na mbili kutoka umati ule wa Tunis mpaka vituo vya kura vitupu. Nani atasema hawakuwa jasiri? Waliangusha kilichooza, lakini kukiangusha ni kazi ya wiki nne na kujenga kitu ambacho mtu wa kawaida atakiamini ni kazi ya kila siku asubuhi, haina picha nzuri, haina wimbo.

Poland walikuwa na bahati ya kuanza na kujenga. Agosti 1980 mafundi wa meli wa Gdańsk waligoma wakapata haki ya kuwa na chama huru, Solidarność, na ndani ya mwaka mmoja kikawa na wanachama karibu milioni 10. Desemba 1981 serikali ikatangaza utawala wa kijeshi, ikakipiga marufuku, ikawakamata viongozi. Watu wakaendelea kwa siri, wakachapisha magazeti kwenye vyumba vya chini, wakachangishana kusaidia familia za waliofungwa, miaka saba. Mtu aliyekuwa anabeba hela za mchango mfukoni bila risiti na kuzifikisha zote, huyo alikuwa anajenga taasisi. Ndiyo maana mwaka 1989 serikali ilipokubali kukaa mezani ilikuta kuna mtu wa kukaa naye.

Nimemwambia mdogo wangu haya yote, hajaridhika, anasema mimi nimezeeka kabla ya wakati. Labda. Ila yeye anaangalia barabarani na mimi siku hizi naangalia madirishani.

Mwaka jana nilirudi kwenye ile ofisi kwa jambo jingine. Yule mama hayupo, amestaafu. Dirishani kakaa binti mdogo, nadhani ni mgeni wa kazi. Akanipa fomu, akanisomea tarehe kwenye risiti, wiki tatu, akasema "tutakupigia, usihangaike kuja." Nilimshukuru, na nikatoka nje moja kwa moja kutafuta kwenye simu namba ya yule mtu. Sijui kwa nini sikupiga siku ile, nadhani nilikuwa na haraka. Siku ya kumi na tisa simu ikaita, namba nisiyoijua, ni yule binti, ananiambia hati iko tayari, niende na risiti yangu.

Niliikuta imepangwa kwenye bahasha, jina langu limeandikwa vizuri. Namba ya yule mtu bado ninayo.